Msimu Gari la Baba Lilipokataliwa

Juni 4

Shule ilifungwa jana. Nimekabidhi funguo za jikoni na sipiki tena chakula cha watoto wa watu hadi Agosti. Nilipanga kulala mpaka jua linichome, ila kaka yangu Norb aliniamsha kwa kelele za nyundo. Ameliingiza gari la Baba bandani, boneti iko wazi, naye kajiinamia ndani kama mtu anayechuna ng'ombe.

Ni gari la kupandia milima, la mwaka 1979, lisilo na paa. Baba alipofariki Februari tulikuta ameliandikisha kwa jina langu. Hakuliacha kwa Tibério, kaka yetu mkubwa, wala kwa Norberto. Aliwajua wanawe. Norb aliisoma karatasi, akacheka, akachukua ufunguo ukutani. Mimi ndiye mdogo wao. Nikamwachia.

"Unafanya nini, kaka?"

"Nalitoa takataka." Aliniinulia pampu ya hewa, nyeusi kwa mafuta. "Serikali ililivalisha haya madude ili likohoe. Hii pampu, hii mirija, na hili kopo la kusafisha moshi huku chini kwenye bomba. Yote yananyonya nguvu tu. Nikimaliza, Dília, litapanda mwamba kama mbuzi."

"Na kipimo cha moshi? Stika ya kibali cha barabarani inaisha Septemba."

"Kipimo ni mtu, na mtu anazungumzika."

Akairusha pampu nje bila kutazama. Ilimpiga kuku mweupe, akafa papo hapo. Norb alicheka hadi akakaa chini. Jioni tulimla.

Juni 9

Jumapili. Mama alipika supu ya nyama na mkate mtamu. Tibe alikuja kutoka shambani kwake, ng'ambo ya uzio wetu. Alipita bandani kwanza. Alipoingia ndani hakuvua hata kofia.

"Nani kakata bomba la gari la Baba?"

"Kaa ule," Norb akamwambia.

"Nimeuliza nani."

"Bibi yako."

Tibe alimshika kichwa na kumzamisha uso kwenye bakuli la supu ya moto. Norb aliinuka na uma mkononi. Mama aliwapiga wote wawili kwa mwiko, wanaume wenye mvi, nao wakakaa. Nilicheka. Kwetu tumekuwa hivi siku zote.

Juni 10

Norb ana malengelenge usoni. Anasema yanampendeza.

Juni 22

Joto. Upepo unatoka bondeni kama pumzi ya oveni. Nyasi zimekuwa nyeupe.

Julai 2

Joto. Norb ameliwasha gari kwa mara ya kwanza. Halina kizuizi chochote kwenye bomba. Sauti yake inauma kifuani. Mbwa wa Tibe walilia hadi jioni. Mama alisimama mlangoni anatabasamu. "Sauti ya mwanaume," alisema.

Julai 3

Joto.

Julai 19

Nikiacha kuandika leo sitaandika tena.

Norb alikuwa anaelekea milimani kufanya mazoezi ya mashindano ya kupanda miamba kwa gari. Badala ya kuzunguka barabarani alikata katikati ya malisho ya Tibe. Alisimama kwenye nyasi ndefu kukojoa, akaacha injini inanguruma. Bomba alilolikata halina tena bati la kukinga joto, na linaishia chini ya tumbo la gari, likielekea ardhini. Nyasi zilishika pale pale. Aliruka ndani akaondoka. Hakupiga simu. Nilikuja kuona moshi nikiwa naanika nguo.

Moto ulipanda kilima kwa kasi ya farasi. Wazima moto waliukata kabla haujafika nyumba ya Tibe, ila mitamba wake, ng'ombe wachanga, walikuwa wamekimbilia kona ya uzio. Waya za miiba ziliwazuia.

Nilifika mbio, Tibe akiwa tayari ameshika bunduki. Baadhi ya ng'ombe walikuwa bado wamesimama. Ngozi imeachana na mbavu, macho hayapo, wanapumua. Tibe aliniambia, "Nishikie risasi," nikashika. Alikuwa anawaita majina kabla ya kufyatua. Sikujua kwamba amewapa majina. Huyu kaka yangu mkavu, ambaye hakulia kwenye mazishi ya Baba, alikuwa anasema, "Njoo, Estrela. Njoo, mama," kisha mlio. Tulifanya hivyo kona yote. Damu ilichemka kwenye majivu.

Alipomaliza alitembea moja kwa moja kuja kwetu. Nilimfuata nikimvuta shati. Norb alikuwa amekwisha kurudi, amekaa kwenye usukani, uani, na bia mkononi.

"Tibe, sikiliza, upepo ule..."

Tibe alifyatua. Kioo cha mbele kilipasuka na vipande vikamwingia Norb shingoni. Alifyatua tena kwenye taa. Bunduki ilipoishiwa risasi, Norb aliruka juu ya boneti akamwangukia. Walibiringika kwenye vumbi. Nilisikia meno yakivunjika. Tibe alikuwa juu, anampiga kwa kitako cha bunduki mdomoni, tena na tena, bila hasira usoni, kama anayeshindilia nguzo ya uzio. Nilijitupa kati yao, kitako kikanipata begani.

Mama alitoka wakati huo, akiwa na maji. Alimpa Norb.

Naibu wa sherifu, polisi wetu wa wilaya, alipofika, kaka zangu wote wawili walimwambia kwamba Norb alianguka kwenye ngazi. Aliniangalia mimi. Nikasema, "Ngazi zetu ni mbovu."

Julai 20

Harufu.

Julai 28

Bega halinyanyuki. Norb amepoteza meno manne ya mbele. Nilidhani ataona aibu. Nilidhani ataenda ng'ambo ya uzio, hata kusimama tu. Ameagiza kioo kipya cha gari.

Agosti 12

Leo tumelipeleka gari kupimwa. Ilinibidi niende kwa sababu jina kwenye karatasi ni langu.

Kituo ni cha Bwana Chue Vang, chumba kimoja nyuma ya duka la matairi. Mwanaume mfupi, mkimya, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata kwenye joto hili. Alifungua boneti, akaangalia, akaifunga.

"Pampu ya hewa iko wapi?"

"Ipo," Norb alisema.

"Ipo wapi?"

"Nyumbani."

"Basi nyumbani ndiko ilikopita. Hapa imeanguka."

Nilitaka kucheka. Norb alijisogeza karibu, akapunguza sauti. "Rafiki yangu, hili ni gari la mlimani. Miti haijali moshi. Wewe liunganishe lile gari la mkeo kwenye mashine, uniandikie hili limepita, mambo yaishe."

"Mimi mashine naiunganisha na gari lililo mbele yangu."

"Mnakuja hapa mnatufundisha sheria zetu. Rudi kwenu!"

"Kwetu ni Fresno," Bwana Vang alisema. "Narudi kila jioni."

Alinipa mimi karatasi ya kushindwa. Norb aliendesha hadi nyumbani, na kwenye kona ya daraja alimgonga mbwa koko makusudi. Aligeuza usukani kumfuata. Niliona.

Agosti 14

Nimerudi kwa Bwana Vang peke yangu. Nimemuuliza gari linahitaji nini ili lipite. Alinionyesha stika iliyo chini ya boneti ya gari jingine, yenye mchoro wa kila mrija. "La kwenu ni hivi hivi. Kila kitu kilichochorwa kiwepo, na kifanye kazi. Basi. Si uchawi."

Nimeokota pampu nyuma ya banda la kuku, mirija kwenye kijito kikavu. Kopo la moshi Norb alishaliuza. Jingine lipo kwa wauza vyuma chakavu.

Agosti 23

Norb alikuta gunia langu.

"Hii nini?"

"Vitu vya gari langu."

Sijawahi kuliita hivyo. Nadhani hata yeye alishtuka. Alitoa pampu, akaiweka juu ya gogo la kupasulia kuni, akaichukua nyundo kubwa. Pigo la kwanza lilipasua ganda. La pili lilitoa matumbo. Nilimshika mkono kabla ya la tatu, akanigeukia na ngumi. Nilianguka kwenye kuni. Sikio la kushoto bado linalia.

Mama alikuwa anamenya viazi barazani. Ameona yote.

"Ulimchokoza," alisema. "Unajua alivyo."

Nilikaa kwenye ngazi damu zikinidondoka kwenye sketi. Alikuwa anamenya kwa ganda moja refu lisilokatika, kama kawaida yake, na nilipokuwa mtoto nilidhani hakuna mama mwenye mikono mizuri kama yake. Leo niliitazama mikono hiyo muda mrefu.

Agosti 26

Shule imefunguliwa. Nimewaambia wenzangu jikoni kwamba niligongwa na mlango wa banda.

Septemba 1

Norb ametulia. Anachomelea kitu bandani, anapiga mluzi kupitia mapengo yake. Ananiita "mdogo wangu" na kuniletea kahawa. Mama amefurahi.

Septemba 6

Alisema gari liko tayari, lina kila kitu, nimfuate na pikapu yangu ili nisaini. Nilienda. Naandika hivi bila kupamba: nilienda.

Bwana Vang alifungua boneti. Pampu ipo, mirija ipo, mkanda upo. Akainama chini, kopo la moshi lipo, jipya. Niliona uso wake unalegea kidogo. Kisha akaugusa mrija mmoja kwa kidole, ukazunguka. Haukuunganishwa na chochote. Akachukua nyundo ndogo ya mpira, akagonga kopo. Lililia kama ndoo. Tupu. Pampu nayo ilikuwa ganda tu lililobandikwa, ile ile iliyopasuliwa, imezibwa na kupakwa rangi.

Alisimama akijifuta magoti. "Umefanya kazi kubwa," alimwambia Norb. "Kwa kazi hii hii ungelitengeneza."

Hakusema kwa kejeli. Nadhani alimwonea huruma, na Norb huruma haiwezi.

Spana ilikuwa juu ya tairi la mbele; Norb akainyakua. Pigo la kwanza lilimpata Bwana Vang juu ya jicho. Hakupiga kelele. Alikaa chini, ile nyundo ya mpira bado mkononi, akaweka kiganja usoni kama mtu aliyesahau kitu. Norb alimpiga kwenye kiganja. Nilisikia vidole vikivunjika. Nilipiga kelele jina la Norb na hakugeuka. Alikuwa anahema na kusema, "Andika limepita, andika limepita," huku anampiga mtu asiyeweza tena kushika kalamu.

Chuma cha jeki kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Nilikichukua kwa mikono miwili. Norb aliponyanyua spana nilimpiga kwenye mkono ule ule, chini ya kiwiko, kwa nguvu zangu zote za kubebea masufuria. Mkono ulipinda mahali pasipo na kiungo. Mfupa ulitokeza, mweupe. Aliniangalia.

"Dília," alisema, kama vile tulikuwa tunacheza nami nimevunja kanuni.

Nilikinyanyua tena. Nilitaka kumpiga kichwani. Hilo nimeliandika kwa sababu ni kweli. Fundi wa matairi ndiye aliyenishika kutoka nyuma.

Septemba 7

Bwana Vang amepasuliwa. Jicho la kulia halitaona. Norb yuko hospitali hiyo hiyo, amefungwa pingu kitandani. Mama amekaa naye.

Septemba 15

Mama hanisemeshi. Anaweka sahani mbili mezani, yake na ya Norb.

Septemba 24

Nilienda kumwona Bwana Vang nyumbani kwake. Binti yake alisimama mlangoni, hakutaka kunipisha. Sauti ikatoka ndani: "Mwache."

Nilikuwa nimebeba mkate mtamu. Nilijisikia mjinga nao mikononi.

"Pole sana, Bwana Vang."

"Ulijua alivyo?"

Niliutazama mkate.

"Sikio lako lilikuwa bado na jeraha ulipomleta. Niliona. Ulijua alivyo, na ukamleta kwangu." Alisema polepole, bandeji imemfunika nusu ya uso. "Nyinyi mnapigana nyumbani kwenu miaka yote. Kisha mkapakia ugomvi kwenye gari, mkauleta kituoni kwangu."

Binti yake alinirudishia mkate.

Oktoba 3

Bado hakuna mvua. Upepo mkavu. Majivu ya malisho ya Tibe yanaingia hadi kwenye shuka.

Oktoba 11

Tibe amekuja. Nilimkaribisha kwa moyo, nikidhani angalau huyu atakuwa upande wangu. Huyu aliyewaona mitamba wake wakiungua. Alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Wakili wa Norb anasema wewe ndiye shahidi wa maana. Fundi wa matairi aliingia mwishoni."

"Ndiyo."

"Yule mtu alikuwa ameshika nyundo."

"Ya mpira, Tibe. Alikuwa anagonga kopo."

"Mimi sikuambii useme uongo. Alikuwa ameshika nyundo. Ishia hapo. Ukiulizwa nani alianza, sema hukuona vizuri."

"Wewe ndiye unaniambia hivi? Ulimpiga risasi!"

"Nililipiga gari." Uso ulimwiva. "Na hata ningempiga yeye, hayo ni ya kwetu. Norb ni kwetu. Yule mwingine ni nani?"

"Ni Bwana Vang."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Niliviona viatu vyake.

Oktoba 12

Mtu ameangusha chungu changu cha maua kutoka dirishani. Sisi ni wawili tu nyumbani.

Oktoba 30

Kesho kutwa mahakamani. Nimekunja nguo yangu ya kijivu mara nne.

Novemba 1

Norb alikuwa amenyolewa, mkono umefungwa plasta, amevaa shati la Baba. Mama ndiye aliyempelekea.

Wakili wake alikuwa mpole. "Bibi Bettencourt, Bwana Vang alikuwa na nyundo mkononi?"

"Ndiyo."

"Asante."

"Ya mpira," nikasema. "Alikuwa anagonga kopo la moshi. Alikuwa amekwisha kusimama, anajifuta magoti, na kaka yangu alimpiga kwa spana bila kuguswa."

Wakili alisema ninajibu nisichoulizwa. Hakimu akasema niendelee. Nikaeleza yote. Nilisema na gari lilivyokuwa tupu ndani. Nilisema na ngumi ya Agosti, ambayo hakuna aliyeniuliza.

"Na mkono wa kaka yako ulivunjwa na nani?" wakili akauliza.

"Na mimi."

"Ulikusudia?"

"Ndiyo."

Norb alitabasamu kidogo hapo, na lile pengo lake jeusi. Nafikiri alijivunia.

Kwenye korido Tibe alinisukuma ukutani kwa kifua chake, akanizuia hapo, watu wakipita. Hakunipiga. Alisema, "Kuanzia leo usije ukasema una kaka." Waliondoka na gari la Tibe, yeye na Mama. Nilirudi peke yangu.

Novemba 9

Mvua. Kilima cheusi kinateremka kama wino hadi barabarani.

Novemba 17

Norb amekiri kosa ili apunguziwe. Miaka sita. Mama alilala sakafuni bandani, kando ya gari ambalo Tibe alilirudisha. Sasa kila siku baada ya misa anakaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani. Ananiambia, kwa mara ya kwanza tangu Septemba: "Litamsubiri hapa."

Halitamsubiri. Nimeamua kuliuza. Ila kwetu huwezi kumuuzia mtu gari lisilopita kipimo cha moshi.

Novemba 29

Nimepata pampu nzima kwa wauza vyuma chakavu, na kopo lenye matumbo yake. Nafunga mrija mmoja mmoja Mama akiwa kanisani. Nimeng'oa maganda ya Norb yote. Kazi yake ya kuchomelea ilikuwa nzuri kweli. Nililia kidogo kwa hilo, nikaendelea.

Desemba 6

Kuna vituo vingine mjini. Nilienda kwa Bwana Vang.

Alikuwa amevaa kitambaa juu ya jicho. Vidole viwili havikunji tena. Aliponiona ndani ya gari lile, alirudi hatua nyuma hadi akagusa ukuta. Nilizima injini nikabaki nimekaa.

"Niko peke yangu," nilisema. "Ukisema niondoke naondoka."

Kisha akaashiria boneti kwa kidevu.

Ilimchukua muda mrefu, kichwa amekigeuza upande ili jicho lililobaki lione. Aliuvuta kila mrija. Aligonga kopo, likatoa sauti nzito, iliyojaa. Akaingiza kipimo kwenye bomba, tukasimama pande mbili za gari tukisikiliza injini ambayo sasa ilinong'ona tu.

"Limepita."

"Asante. Kwa nini umekubali?"

"Umeleta gari lenye vitu vyake." Alinipa karatasi kwa mkono mzima, akaniangalia. "Usirudi hapa na gari lolote. Sikuchukii. Sitaki tu kusikia sauti zenu."

Nilisema sawa.

Desemba 8

Mtu wa Bakersfield amelichukua asubuhi, Mama akiwa misani. Aliporudi alienda bandani moja kwa moja na kitambaa cha kichwani bado kimefungwa. Nilimsubiri jikoni.

"Gari la mwanangu liko wapi?"

"Lilikuwa langu, Mama. Nimeliuza."

Alikuja kwa kasi nisiyoijua kwa umri wake, mkono juu. Nami wangu ulikuwa juu. Sikuuagiza. Niliuona pale hewani, ngumi imefungwa vizuri, dole gumba nje, kama Norb, kama Tibe, na nikaona macho ya Mama yanavyouangalia, yakingoja, bila mshangao wowote.

Tulisimama hivyo. Mama ndiye aliyeshusha wake kwanza. Wangu ulichelewa.